Betri Iliyozimika Kila Ijumaa

Jirani yetu Tryphosa anasema betri ya kwetu ni Msabato.

Anasema aliona kwa macho yake. Ilikuwa Ijumaa jioni, naye alikuwa akifunga ndama wake karibu na ua. Taa zote za boma letu zilikuwa zinawaka. Jua lilipozama tu, taa zikapepesa, zikazimika zote.

"Hata hazikungoja amina," anawaambia watu pale kituo cha majani chai. "Betri ya kwa mzee Alfayo imeshika Sabato. Inapumzika kama wenyewe. Mimi nikienda kununua yangu nitauliza kwanza, hii ni ya dhehebu gani?"

Watu wanacheka mpaka majani yanamwagika.

Tryphosa huongeza chumvi. Taa hazikuzimika jua likizama. Zilizimika baadaye kidogo, tukiwa tumemaliza kuimba nyimbo za kufungua Sabato, ambayo kwetu huanza Ijumaa jua likizama. Lakini kwa jambo moja alisema kweli. Ilikuwa Ijumaa. Na Ijumaa nyingine ikawa hivyo hivyo. Yeye alilichekea jambo hilo. Mimi lilininyima usingizi, kwa sababu nilikuwa na mayai ya watu.

Wacha nieleze tangu mwanzo.

Jina langu ni Lorna. Niliolewa hapa kwa Wakisii, karibu na Marani. Mume wangu Ronny anauza mitumba katika soko la Daraja Mbili. Baba mkwe wangu ni mzee Alfayo Omwenga, mzee wa kanisa. Mama mkwe wangu ni Bathsheba. Nyumba yao iko juu, yetu iko chini, na katikati kuna migomba. Nguzo ya mwisho ya stima iko barabarani, mbali na sisi.

Kwa hivyo Ronny aliweka paneli za sola juu ya mabati ya nyumba ya wazee. Mwanzoni tulikuwa na betri kuukuu ya gari. Ilikuwa inajaa asubuhi mapema, kisha basi. Jua la mchana wote lilipiga paneli bure. Na ikifika usiku, betri hiyo ndogo iliwasha taa mbili na redio, ikachoka.

Ronny akasema, "Jua tunalo. Pa kuliweka ndipo hatuna."

Akanunua betri kubwa mpya ya lithiamu, pamoja na inverta, ile mashine inayobadilisha umeme wa betri uweze kuendesha vitu vya nyumbani. Fundi aliyetuuzia alikuja kuifunga. Mzee mwenyewe alichagua mahali pa kuiweka.

"Chumbani kwangu," alisema. "Mwizi akiitaka, atanipita mimi kwanza."

Fundi alitazama saa yake. Alikuwa na haraka ya kwenda kazi nyingine. Akaifunga hapo chumbani, karibu na kitanda.

Mimi nami nilipata kitu changu. Nilinunuliwa mashine ya kuangua vifaranga. Ni sanduku lenye joto kama la kuku anayelalia. Niliiweka sebuleni kwangu, na waya ukavutwa kutoka nyumba ya juu. Akina mama wa hapa waliniletea mayai ya kienyeji kwa mabakuli, yamezungukwa na maganda ya mahindi yasivunjike. Tulikubaliana kwamba vifaranga wakitoka, wao watachukua wao, nami nitabaki na sehemu yangu.

Mimi niliishia darasa la nane. Sikuwahi kupewa kitu cha watu wengi nikitunze. Niliyageuza mayai hayo asubuhi, mchana na jioni kama mtu anayegeuza mtoto mgonjwa.

Hakutoka kifaranga hata mmoja.

Nilivunja mayai nyuma ya jikoni. Ndani kulikuwa na vifaranga wadogo wenye manyoya, wamekufa. Joto lilikuwa limekatika zaidi ya mara moja. Taa zilipozimika tulilala tu, na asubuhi niliikuta mashine baridi.

Akina mama hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Walichukua mabakuli yao, wakasema, "Ni Mungu tu," wakaenda.

Jioni hiyo mzee aliongea na Ronny pale uani. Mimi nilikuwa jikoni, lakini aliongea kwa sauti ili nisikie. Kwetu mke hajibizani na baba mkwe ovyo.

"Mwambie mkeo ajaribu mara moja tena tu," alisema. "Mayai mengine yakioza, mashine irudi dukani. Sitaki boma langu liitwe boma la kuua vifaranga."

Mama mkwe wangu ndiye aliyezunguka kuomba mayai tena. Watu walimpa yeye kwa heshima yake. Alinikabidhi akasema, "Mama Moraa, haya ni jina langu. Uyaangalie."

Moraa ni binti yangu. Ndiyo sababu wananiita hivyo.

Niliyaweka mayai kwenye mashine siku ya Jumatatu. Jumatatu usiku mashine iliwaka mpaka asubuhi. Jumanne ikawaka. Jumatano na Alhamisi ikawaka. Nikaanza kupumua. Ijumaa, tulipotoka kuimba Sabato kwa wazee, taa zilizimika. Nilikimbia chini nikapapasa mashine. Ilikuwa imezimika.

Nilichemsha maji kwa kuni, nikayatia kwenye vijerikeni, nikavipanga kandokando ya sanduku. Nikalifunika kwa mablanketi. Maji yakipoa nachemsha mengine. Ronny alinisaidia kubeba. Jua lilipotoka na kupiga paneli, mashine ikawaka yenyewe, kama mtu aliyeamka.

Hapo ndipo nilipokumbuka mdomo wa Tryphosa. Betri gani inajua Ijumaa?

Nilimwambia Ronny, "Usirudishe kitu. Mwite fundi mwingine aone."

Jumapili akaja Damaris. Ni fundi wa sola aliyesomea kazi hiyo, na ana duka dogo upande wa Daraja Mbili. Alikuja na begi la vyombo, amevaa buti. Mzee alimtazama, kisha akamtazama Ronny.

"Fundi ndiye huyu?"

"Ndiye mimi, mzee," Damaris akajibu. "Baba yangu pia aliuliza hivyo."

Mama akacheka. Ronny akaanza kulalamika. "Fundi, hii betri ni mbovu. Nimedanganywa."

"Wacha kwanza niione. Inakaa wapi?"

"Chumbani kwa wazee."

Mama Bathsheba alimwingiza. Walikaa huko kidogo. Damaris akatoka ameshika blanketi la bluu.

"Nani alimfunika mtoto huyu?"

"Ni mimi," mama akasema. "Baridi ya hapa si unaijua?"

"Mama, betri haisikii baridi ya hapa. Inasikia joto. Ikifanya kazi inatoa joto, na inataka hewa ya kulipeleka hilo joto. Ukiifunika inachoka upesi, na inaweza kuleta hatari. Usiifunike hata kwa leso."

"Basi ndio imeharibika?" Ronny akauliza.

"Haijaharibika. Nimeipima. Ni nzima kabisa, na paneli ni nzima, isipokuwa zina vumbi. Umeme unaingia vizuri. Kuna mtu anayeumaliza."

Tuliangaliana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikajikaza.

"Fundi," nilisema, "mbona ni Ijumaa tu?"

Damaris akageuka. "Unasema?"

"Siku zingine inafika asubuhi. Ni Ijumaa tu inazimika. Hata mara ya kwanza, mashine niliikuta baridi asubuhi za Sabato."

"Ijumaa mnafanya nini hapa?"

Mama alijibu kwa furaha, maana hilo analipenda. "Ijumaa ni matayarisho. Asubuhi tunachuma majani, tunapeleka kituoni. Saa kumi tumefika nyumbani. Basi hapo ni mbio! Nguo za kanisa za watu wote zinapigwa pasi. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa koili ya umeme. Ronny ananyoa wanaume. Simu zinawekwa chaji, na za majirani pia. Jua likizama, kila kitu kiko tayari. Boma hili halijawahi kuingia Sabato likiwa chafu."

"Na saa kumi, jua la hapa linakuwa wapi?"

Tulitazama nje. Ilikuwa mchana tu, na tayari mawingu yalikuwa yamepanda upande wa vilima. Kwetu jua ni la asubuhi mpaka mchana. Kisha ni mawingu, na mara nyingi mvua.

"Saa kumi tumefunikwa na mawingu," Ronny akasema polepole.

"Basi sikilizeni." Damaris akaketi. "Nyinyi Wasabato, chakula cha Jumamosi mnapika lini?"

"Ijumaa," mama akasema.

"Kwa sababu Sabato hamuwashi moto. Mnapika kukiwa na nafasi, mnaweka, mnakula wakati hamna nafasi. Sasa, betri ni hiyo sufuria. Jua ndilo linalopika, kuanzia asubuhi mpaka mchana. Betri inaweka. Usiku jua halipo, mnapakua. Tuseme Ijumaa jioni watu wote wanakuja na sahani, wanakomba sufuria. Sabato mtakula nini?"

Mama akashika mdomo. "Mungu wangu! Sufuria tunaimaliza sisi wenyewe."

"Pasi ndiyo inayokula kuliko wote. Pasi na koili. Kitu chochote cha kuchoma au kuchemsha, jueni kina tumbo kubwa. Taa hizi ndogo zinakula kidogo. Simu, kidogo. Pasi ikikaa saa moja, inaweza kula karibu kama mashine ya mayai ikikaa usiku mzima."

"Kwa hivyo tuende kanisani na mikunjo?" Mzee akainua kichwa. "Fundi, unataka niende mbele ya watu na shati kama jani la ndizi lililokauka?"

"Hapana, mzee. Pigeni pasi jua likiwa kali. Wakati huo pasi inapata umeme moja kwa moja kutoka juu ya nyumba. Ikipunguza kidogo kwa betri, jua linarudisha kabla ya mawingu."

"Ijumaa asubuhi tuko kwa majani," mama akasema. "Majani hayangoji pasi."

Nikasema tena, "Mama, nguo tunafua Jumapili. Shati likipigwa pasi Jumanne mchana likatundikwa, si litakuwa bado limenyooka siku ya Sabato? Jumanne hatuchumi."

Mama alinitazama kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo, kumbe ziko mkononi.

"Miaka yote hii," alisema, "ni nani alituambia lazima iwe Ijumaa?"

"Ilikuwa pasi ya makaa," mzee akajibu. "Ile ilikuwa haijali mawingu."

Damaris akacheka. "Na maji ya kuoga rudisheni kwa kuni, au chemsheni mchana mkayatie kwenye chupa za kuhifadhi joto. Koili msiwashe jioni. Sasa swali lingine. Betri ina kipimo, ile mistari mitano ya kijani. Ikijaa mnaona mitano. Nani hukiangalia?"

"Mimi," mzee akasema. "Nikienda kulala."

"Na mayai yanaangaliwa na nani?"

"Mama Moraa."

"Yeye huona hicho kipimo?"

Hapo kila mtu akatazama chini. Damaris ni Mkisii. Hakuhitaji kuelezwa. Kwetu kuna chinsoni, yaani heshima kati ya wakwe. Mimi sikanyagi chumbani kwa baba mkwe. Naye haingii nyumbani kwangu, hata kama mayai yanaungua. Kwa hivyo mzee alikuwa akiona mstari umebaki mmoja, bila kujua mashine inalia huku chini. Mimi niliona mashine imezimika, bila kujua betri ina nini. Betri ilikuwa upande mmoja wa heshima, na kazi yake upande wa pili.

Ronny akasema, "Fundi, mambo ya heshima hatuwezi kubadilisha."

"Nani amesema mbadilishe? Heshima ikae mahali pake. Itakayohama ni betri."

Aliuliza juu ya stoo ya nyumba ya wazee, ile inayofunguka barazani. Ina dirisha, paa halivuji, na iko mbali na moto wa jikoni. Kila mtu wa boma anaingia humo bila aibu.

"Mwizi je?" mzee akauliza.

"Tutaifunga ukutani kwa vyuma, na mlango una kufuli. Mzee, hata bila mambo ya wakwe, betri haitakiwi chumbani mnakolala. Kukitokea hitilafu mkiwa usingizini, hamtajua mapema. Na zile za maji, za aina ya gari, ndizo msithubutu kabisa, maana zinatoa hewa mbaya zikichajiwa. Ikae mahali pakavu, penye hewa, juu kidogo ya sakafu. Mtoto asiiguse. Na msiifungue kamwe. Ikileta shida, niiteni mimi au fundi mwingine aliyesomea."

Mzee alifikiria. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kuondoa magunia stoo.

Damaris alizima kila kitu, akaihamisha betri, akaifunga ukutani. Ronny alipanda ngazi akaosha paneli kwa maji na kitambaa laini. Kabla hajaondoka, Damaris aliniita mimi.

"Wewe ndiye uliyeona Ijumaa," alisema. "Basi wewe ndiye wa kipimo. Jua likizama, nataka uone mistari mitano, au minne. Ukiona mitatu, waambie watu wapunguze: redio, chaji ya simu, taa za nje. Mashine ya mayai iwe ya mwisho kuzimwa. Usingoje mpaka ubaki mmoja. Unaweza?"

"Naweza."

Jumanne tulipiga pasi mchana, jua likiwa utosini. Nilisimama stoo nikitazama ile mistari huku mama akipiga pasi. Mmoja ulipotea. Alipomaliza shati la mwisho ulirudi. Nilimwita aje aone. Tulisimama wawili tunautazama kama watu wanaotazama ng'ombe akizaa.

Ijumaa ilikuja. Mvua ilinyesha ya mawe. Tulirudi kutoka kwa majani tumelowa. Mama, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua pasi. Akaurudisha mwenyewe.

"Nguo ziko tayari," alisema. Akakaa chini. "Sasa nifanye nini?" Sijawahi kumwona mama mkwe wangu ameketi Ijumaa saa kumi. Ronny aliwanyoa wanaume asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Simu za majirani zilikuwa zimeshachukuliwa mchana. Jua lilipozama niliangalia kipimo. Mistari minne. Tuliimba, tukaomba, taa zikiwa zinawaka. Mzee aliomba sala ndefu kuliko siku zote. Nadhani alikuwa akizipima taa.

Sabato asubuhi niliweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa na joto. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, kisha nikaenda kumwosha Moraa.

Ijumaa nyingine ikawa hivyo hivyo. Wiki ya tatu ilipokuwa ikiisha nilianza kusikia sauti ndani ya mayai. Tik, tik. Ganda la kwanza likapasuka. Halafu jingine. Ilipofika jioni sanduku lilijaa vifaranga, weusi, wa kahawia na wengine wenye madoa. Mayai machache hayakuanguliwa, lakini hata kuku hukosa machache.

Akina mama walikuja na mabakuli yao. Safari hii hawakusema ni Mungu tu. Walisema, "Lorna!" kwa sauti, kama watu wanaoita mtu aliye ng'ambo ya mto. Tryphosa naye alikuja, ingawa hakuwa ameleta yai hata moja. Aliinama juu ya sanduku akatazama kwa muda mrefu.

"Hawa wote wametoka kwa jua?"

"Kwa jua lililowekwa," nikamwambia.

"Na usiku taa zenu naona zinawaka, hata Ijumaa. Kwani betri imehama kanisa?"

"Imehama chumba tu."

Mama mkwe wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawaambia wale akina mama, bila kupunguza sauti, "Huyu ni mke wa mwanangu. Umeme wa boma hili uko mikononi mwake." Nilitazama miguu yangu, lakini nilisikia kila neno.

Tangu hapo sijakosa mayai. Betri ni ile ile na paneli ni zile zile. Jua hatukuongeza. Lakini sasa tunakatia ng'ombe majani kwa mashine ya umeme mchana, tunapiga pasi mchana, na usiku tuna taa, redio na vifaranga. Watu watatu wa kilima hiki wamemwita Damaris, na wote wamekuja kwanza kwetu kuona stoo.

Juzi mchana nilikuwa uani nikianika mtama. Mzee Alfayo akatoka barazani. Alikuwa ametoka kikao cha wazee wa kanisa. Makambi yanakaribia, ile wiki ya ibada kila mwaka ambapo watu huja kutoka makanisa yote ya karibu. Nilidhani anamtafuta mama. Lakini alisimama kando ya migomba, mbali kidogo kama inavyotakiwa, akavua kofia.

"Mama Moraa," alisema.

Hakuwa amewahi kuniita yeye mwenyewe kwa jambo la kazi. Daima alipitisha kwa mtu. Niliacha mtama, nikainuka.

"Kanisa lina kipaza sauti kikubwa cha kuchaji. Wamesema kiwe kinaletwa hapa kwetu kila jioni wakati wa makambi, kilale kwa chaji, kichukuliwe asubuhi. Mimi nimewaambia sina ruhusa ya kukubali. Nimewaambia nitauliza mwenye kipimo."

Alitazama mlango wa stoo, kisha akatazama nyumba yangu, ambamo mayai mapya yalikuwa na siku chache tu kwenye joto.

"Sasa nakuuliza," alisema. "Wakilete?"